Kumpiga Baba kwa Ruhusa

Kazi yangu yote ilikuwa ya dakika moja moja. Kengele inalia, bondia anarudi kwenye kona, namwekea tabure akae, namtoa kinga ya meno, namfuta uso, nampa maji ya kusukutua, nampaka vazelini kwenye nyusi, namwambia neno, kengele inalia tena, naondoka na tabure yangu. Ukiziunganisha dakika zangu zote hazifiki hata msimu mmoja wa maharage, lakini mgongo umeisha kama vile nilipakua malori ya Komanda maisha yangu yote. Ndiyo maana siku hizi mnaniona kwenye benchi la klabu yetu hapa Rwambuzi, mjini Bunia, natoa maoni bila kuombwa. Kazi nimestaafu. Mdomo bado.

Nanyi vijana mna swali lenu, mnalifunga ndani ya salamu: "Papa Kasereka, habari ya asubuhi, mutoto ya Kinu atafika?" Kufika kwenyewe ni kufika kule juu, timu ya taifa, kupanda ndege na kwenda kupigwa na watu wa nchi za watu. Wengine mnasema atafika kwa sababu baba yake ni Kinu. Wengine mnasema hatafika, na sababu mnayoitoa ni hiyo hiyo. Mimi nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu, na kwa kuwa mvua imeshafunga barabara, hamna pa kukimbilia.

Mzee Kinu mnamjua kwa sura. Ni yule mzee mpana anayepita sokoni polepole, anatoa mkono kwa kila mtu, na anakaa kwenye viti vya watu bila kukaribishwa. Enzi zetu hakuwa mzee wala mpana. Kinu si jina alilopewa na wazazi wake. Tulimpa sisi, kwa sababu kila aliyeingia naye ulingoni alitoka amepondeka. Siku alipomwangusha bingwa aliyetoka Kisangani, jitu lisilo na shingo, watu walimbeba kutoka uwanjani mpaka nyumbani kwake, nami nyuma na ndoo yangu, hakuna aliyeniona. Tangu hapo mji ukawa kama umerogwa. Wanawake wakajifungua Kinu. Kinu wakazaliwa hapa Rwambuzi, Kinu wakazaliwa Komanda, Kinu wakazaliwa Kpandroma kwenye baridi ile. Padri mmoja alikataa kubatiza mtoto kwa jina la chombo cha jikoni, wazazi wakabishana naye nusu ya misa, mwisho wakakubaliana Jean-Kinu.

Na hapa kwetu jina si mchezo. Mwenye jina lako ni ndoyi wako, na ndoyi wa baba yako ni baba yako, hata kama bado ananyonya. Unamwita papa. Unamsalimu kwa mikono miwili. Nimemwona bibi mwenye mvi akimwomba radhi mtoto aliyejikojolea mapajani mwake, kwa sababu mtoto alikuwa na jina la baba mkwe wake. Mzee Kinu aliupokea mzigo huo kwa furaha kubwa. Kila ndoyi wake alipotimiza umri wa kukimbia, mzee alimpelekea glavu ndogo alizoshonewa na fundi viatu kutoka kwenye makoti ya ngozi yaliyochakaa. Hakufikiri mbele. Baada ya miaka akajikuta amepanda shamba zima la mabondia, na wote wanaitwa Kinu.

Katikati ya shamba hilo ndipo alipozaliwa mtoto wake wa kumzaa, Dieumerci.

Dieumerci alilelewa na mama yake zaidi kuliko baba, na Mama Dieumerci ni mwanamke wa heshima ya chuma. Alimfundisha mtoto kwamba kila Kinu ni papa, na papa hajibiwi kwa ukali, hatazamwi machoni anaposema, wala haguswi. Kijana akakua na baba wengi wa umri wake. Darasani alikaa benchi moja na baba zake wawili, na wote wawili walikuwa wananakili kwake.

Mara ya kwanza nilipomfunga bandeji nilijua kuna kitu. Hapo nisimame kidogo, maana naona mnavyofungana bandeji nyinyi kwa nyinyi, na roho inaniuma. Bandeji haivutwi kama mnamfunga mbuzi wa kupandishwa kwenye lori. Mwambie afungue vidole, anza kwenye kifundo, pita juu ya mkono, rudi, halafu mwambie akunje ngumi. Vidole vikibadilika rangi, fungua, anza upya, usione aibu. Papa Anselme, muuguzi aliyenifundisha kazi, alikuwa anasema kwamba mkono uliofungwa vibaya unampiga mwenye nao. Ndiye pia aliyenifundisha damu: kwanza futa, halafu tazama, ndipo ubane. Mimi kwa haraka zangu nilikuwa nabana kabla ya kutazama, na siku moja nilibana nyusi ya kushoto kwa nguvu zote huku damu inatoka ya kulia. Papa Anselme aliniacha nimalize dakika nzima. Kisha akaniuliza kama ile nyusi nyingine ilikuwa imenikosea.

Basi, nilimfunga Dieumerci, akapanda ulingoni, na miguu yake ikaanza kuzungumza. Mnajua kuna mabondia wanaokwepa kwa kuogopa na wengine wanaokwepa kwa kujua. Huyu alikuwa anajua. Ngumi ilikuwa haijatoka begani mwa mwenzake, yeye kichwa kimeshahama. Na mkono wake wa kushoto ulikuwa na uzito wa baba yake, lakini ulifika mapema zaidi, bila kupiga hodi. Walioitwa Pascal, Héritier, Justin, wote aliwaweka chini kwa adabu, kisha akawainua mwenyewe na kuwauliza wameumia wapi.

Shida ilianza alipopangiwa Kinu.

Kengele ililia, Dieumerci akatoka kwenye kona yangu, akagusa glavu za mwenzake kwa mikono miwili, akainamisha macho, akabaki hivyo. Raundi nzima hakurusha kitu. Alikwepa tu, kushoto, kulia, chini, kama mtu anayepishana na wakubwa mlangoni. Yule Kinu alipiga hewa mpaka akachoka. Waamuzi wanahesabu ngumi zinazofika. Za Dieumerci hazikutoka, za mwenzake hazikufika, kwa hiyo mwisho wakampa ushindi yule aliyeonekana kuhangaika zaidi. Na huyo aliposhuka ulingoni, Dieumerci alimfuata nyuma akiwa amembebea taulo.

"Mbona haukupiga?" nilimuuliza.

"Papa Kasereka, siwezi. Mukono inaenda muzuri tu. Inafika karibu na uso yake, inakumbuka huyu ni nani."

Nilidhani ni mambo ya siku moja. Sivyo. Mwaka baada ya mwaka, wengine wote anawapiga, akina Kinu wanampiga yeye, yaani kwenye karatasi za waamuzi, maana kwenye mwili hakuna aliyemgusa. Na katika uzito wake, mashindano ya mkoa yakifika juu, hawabaki tena akina Pascal. Wanabaki akina Kinu. Wao ndio waliokuwa na glavu tangu utotoni.

Mbaya wao alikuwa Kinu wa Kpandroma. Si mtu mbaya, nisije nikasemwa. Wazazi wake ni walimaji wa viazi, amelelewa kwa kupandisha magunia mlimani, na mikono yake ni mipana kama jembe. Lakini alikuwa mjanja kuliko wenzake wote. Aligundua kwamba hahitaji kupigana. Alihitaji kukumbusha tu. Wakikumbatiana ulingoni, anamnong'oneza Dieumerci sikioni:

"Mutoto, unakula? Mbona umekonda hivi? Mama yako iko muzima?"

Na Dieumerci, badala ya kumsukuma, anajibu, "Iko muzima, papa." Mimi kwenye kona nauma taulo.

Tulijaribu kila dawa. Nilimpeleka kwa mchungaji nikitumaini atatamka kwamba ulingo si nyumba. Mchungaji alifungua Biblia, akasoma ile amri ya kumheshimu baba na mama, kisha akaniangalia kama mtu aliyeleta kesi iliyokwisha kuamuliwa. Nikabuni dawa ya pili, na hii nawaomba msiirudie: nilimziba masikio kwa pamba, asisikie zile salamu. Kweli hakuzisikia. Hakuisikia na kengele pia. Raundi imekwisha, mwenzake ameshakaa na ananyweshwa maji, mtoto wangu bado yuko katikati ya ulingo anakwepa peke yake. Watu walipiga makofi wakidhani ni mtindo mpya. Kocha wetu alikaa juma zima bila kunisalimu.

Sasa ikaja fainali ya mkoa ambayo mmesikia habari zake. Safari hii haikuwa kikombe tu. Mtu wa timu ya taifa alikuwa amekuja kutoka Kinshasa, amekaa mstari wa mbele na miwani yake nyeusi, na kila mtu alijua kwamba mshindi wa uzito ule ataitwa kambini. Dieumerci alikuwa amefika umri ambao usipoitwa, unaanza kutafuta kazi ya kulinda benki. Na upande wa pili alisimama nani? Kinu wa Kpandroma, amepakwa mafuta, anatabasamu kama mtu aliyekuja kula kwa mwanawe.

Raundi ya kwanza mambo yale yale. Ya pili mambo yale yale, na bado mwenzake akamkemea kidogo mbele za watu: "Simama muzuri, mutoto, baba yako iko nasema na weye." Yule wa Kinshasa alianza kuangalia simu yake.

Akarudi kwenye kona. Dakika moja. Hapa ndipo kazi yetu ilipo, vijana, si kwenye maji wala vazelini. Mkimjaza bondia maneno kumi, atatoka na sifuri. Mpe moja. Nilikuwa nimeandaa la kawaida, kuhusu mkono wa kushoto, lakini nilipomfuta uso nikaona hana hata jasho la hofu. Uso ulikuwa wa mtoto mwema anayesubiri mkubwa amalize kusema. Nikakasirika, kweli nilikasirika. Miaka yote hiyo tulikuwa tunataka kumtoa adabu. Adabu haitoki, imeshonwa ndani.

Nikamwambia, "Umuombe ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya kumupiga. Mutoto akiomba baba yake kitu muzuri muzuri, mbele ya batu, baba atakataa?"

Kengele ikalia. Dieumerci alitoka, akafika katikati, akashusha mikono. Nilifumba jicho moja. Akainama kidogo, akasema kwa sauti ambayo hata walioko kwenye miti waliisikia, "Papa, naomba ruhusa nikupige."

Mwamuzi mwenyewe alisahau kuwaambia wapigane. Kinu wa Kpandroma alitazama huku, akatazama kule. Jioni yote alikuwa ametangaza kwamba yeye ni baba. Angesema nini sasa? Kwamba anamwogopa mwanawe? Watu wa Kpandroma walikuja na lori zima kumshangilia, na wote walikuwa wamenyoosha shingo kusikia jibu. Nikaona kifua chake kinapanda, akawa baba kwelikweli, akasema kupitia kinga ya meno, "Piga, mutoto yangu."

Mkono wa kushoto haukusubiri baba abadili neno. Nilisikia mlio wake kabla sijauona. Kinu wa Kpandroma alikaa chini, hakuanguka, alikaa, na uso wake ulikuwa wa mtu anayefikiria upya maneno aliyotia saini. Alihesabiwa mpaka mwisho. Dieumerci akapiga magoti kando yake, akasema asante. Yule wa Kinshasa alivua miwani.

Mnacheka. Hata mimi nilicheka, nikalia pia, na nikamwaga ndoo. Lakini kama mnadhani hadithi imeishia hapo, hamjui familia.

Barua ya kambi ilikuja, tiketi ya ndege ikaja, Mama Dieumerci akanunua begi. Kilichobaki ni neno la baba. Mtoto aliyelelewa vile haendi safari ya namna hiyo bila baba yake kusema "enda". Na Mzee Kinu hakusema. Dieumerci alimwomba asubuhi, mzee akasema, "Bado." Akamwomba jioni, mzee akasema, "Bado, mukono ya kuume haijakomaa." Siku iliyofuata ni miguu ndiyo ilikuwa haijakomaa. Siku nyingine akasema hewa ya Kinshasa ni nzito. Mji mzima ukashangaa. Mimi peke yangu sikushangaa, au ndivyo nilivyojiona, kwa sababu mimi peke yangu nilijua kilichomkaa moyoni.

Mzee Kinu aliwahi kwenda Kinshasa. Ni baada ya kumwangusha yule wa Kisangani. Tulikwenda wawili, yeye na mimi. Ukumbi ulikuwa mkubwa, taa kama mchana, na mpinzani wake alikuwa kijana mwembamba, tulimcheka chumbani. Kengele ikalia. Nilikuwa bado natafuta pa kuiweka tabure yangu niliposikia kishindo. Nikageuka, nikamwona Kinu wetu amelala anatazama taa. Hakufika hata nusu ya raundi ya kwanza. Hakuna nyusi ya kufuta, hakuna damu, hakuna dakika yangu. Nilirudi na maji yote kwenye ndoo.

Ndege ilirudi mpaka tukaiona milima ya kwetu. Ndipo akanigeukia.

"Tutasema mvua ilinyesha, combat ikavunjika."

"Mvua? Ndani ya nyumba?"

"Mvua ya kule iko na nguvu."

Tukashuka, tukasema mvua. Na watu wa Bunia, Mungu awabariki, waliamini pale pale. "Pole sana, mvua mubaya." Hata muuza mikate alinishika mkono akasema mvua imeharibu mambo mengi mwaka ule. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Na tangu siku ile nimeitunza siri hiyo kama yai, sikumwambia hata mke wangu.

Kwa hiyo nilimwelewa mzee. Nilimkuta nyuma ya nyumba akiwapa ng'ombe wake chumvi, nikamwambia aache mtoto aende. Akasema bila kunitazama, "Kasereka, naogopa. Wakimupiga, nitaumia. Asipopigwa, nitaumia pia." Ni neno la kweli kabisa, nami sikuwa na vazelini ya kulipaka.

Asubuhi ya kuondoka ikafika, na "enda" haijatoka. Mzee alijifungia chumbani. Dieumerci alikaa uani juu ya begi lake, amevaa vizuri, hasogei. Mwenye pikipiki ya kumpeleka uwanja wa ndege alikuwa ameshafika barabarani. Nikamwambia Mama Dieumerci, amlazimishe mumewe. Akasema hapana, hawezi kumlazimisha baba. Lakini akaongeza, akifunga kilemba chake, "Huyu akikataa, baba bengine iko."

Kumbe alikuwa ameshapiga simu. Pikipiki zikaanza kuingia uani moja baada ya nyingine. Kinu wa Komanda. Kinu anayeuza vitenge. Jean-Kinu, ambaye sasa ni shemasi. Na wa mwisho, Kinu wa Kpandroma, jicho moja limefumba, gunia la viazi begani. Mama akawapa viti, akawapigia magoti, akawasalimu akina papa mmoja mmoja. Wengine hawana hata ndevu. Wakakaa kikao cha wazee.

Kinu wa Kpandroma akasimama, akasafisha koo. "Siye akina Kinu tumeangalia hii mambo. Mutoto alituomba muzuri. Siye tunakubali aende."

Dirisha la chumbani likafunguka kwa kishindo. "Nani amekubali?"

"Kinu," wakajibu wote.

Mzee akatoka. Alikuwa na suruali ya kanisani na fulana, hajavaa viatu. Akawatazama kwenye viti vyao, na nilidhani atawafukuza kwa fimbo. Badala yake sauti yake ikawa ndogo.

"Muko batoto. Hamujui kule. Miye nilienda. Haikukuwa mvua. Walinipiga. Raundi ya kwanza. Sikuona hata mukono ilipita wapi."

Nilitazama chini. Siri yangu ya maisha yote ilikuwa imelala pale uani na kuku wanapita juu yake.

Hakuna aliyeshtuka. Kinu wa Kpandroma akakuna kichwa, akasema kwa upole, kama unavyomwambia mtu kwamba shati lake limegeuka, "Papa, tunajua. Redio ilisema."

"Redio gani?"

"Redio. Ilisema yote, mupaka jina ya ule alikupiga. Mama yangu alisikia, na mimba yangu iko kubwa. Nilipozaliwa, akaniita Kinu."

Mzee akamgeukia mkewe. Mama Dieumerci alikuwa anapanga viazi. "Tulisikiliza siye wote, ku nyumba ya jirani," alisema. "Weye ulisema mvua, siye tukasema mvua."

Akanigeukia mimi, kumbe tulikuwa wawili tu katika Bunia nzima tuliodhani watu hawajui. Muuza mikate alijua. Padri alijua. Walikuwa wamempa watoto wao jina la mtu aliyelala akitazama taa, na walilitoa kwa moyo, mwaka baada ya mwaka, huku yeye akiwapelekea glavu kwa wasiwasi wasije wakagundua.

Sijawahi kumwona mtu mpana akikosa pa kujiweka vile. Ni Dieumerci aliyemwokoa. Aliinuka kutoka kwenye begi, akamsogelea, akainamisha macho kama kawaida yake.

"Papa, walikupiga na mukono gani?"

Mzee akapandisha fulana, akaingia katikati ya uani, akasimama kama bondia. "Kushoto. Ilitoka chini, hivi. Miye nilikuwa naangalia uso yake, hiyo njo kosa. Nilisimama hivi, kidevu juu. Angalia muzuri." Na akaanguka. Alijiangusha mzima mzima kwenye vumbi, mzee yule, mbele ya majina yake yote, mikono imetawanyika, anatazama juu. Akina Kinu wakaruka kumwinua, akawazuia kwa mkono. "Muniache kwanza. Aone vile miguu inakaa."

"Suruali ya kanisa hiyo," alisema mkewe.

Akainuka mwenyewe, taratibu, kwa magoti. Akamwambia Kinu wa Kpandroma arushe mkono ule ule, kutoka chini, kwa nguvu, asimhurumie mtu. Kinu akaurusha. Dieumerci alitazama bega, hakutazama uso, na mkono ukapita juu ya kichwa chake bila kugusa hata nywele. Mzee akataka aone tena. Ukapita tena. Nje mwenye pikipiki alikuwa anapiga honi, na hakuna aliyemjibu.

Mzee Kinu akafuta vumbi mikononi, akamwekea mwanawe mikono kichwani.

"Njo vile," akasema. "Enda."